Yaliyosemwa Kwenye Beseni

Mwanamke akishaegemeza shingo kwenye beseni la saluni, macho yakatazama dari na maji ya vuguvugu yakaanza kumpita nyuma ya masikio, ulimi wake hulegea wenyewe. Hakuna anayemuuliza kitu. Atasema ya mume, atasema ya wifi, atasema ya dada yake aliyemchukulia mchumba enzi zile, na yote atayasema kwa sauti ya kawaida kana kwamba anataja bei ya vitunguu. Ni kwa sababu haoni uso wa mtu. Akishanyanyuka na kufungwa taulo, mazungumzo yanarudi kwenye mvua na ada za shule, na msusi naye anajifanya hakusikia lolote. Ndiyo heshima ya kazi yenyewe.

Shungi aliijua heshima hiyo vizuri kuliko hata kusuka. Alikuwa amebeba siri za nusu ya wanawake wa mtaa ule na hakuna hata moja iliyowahi kumponyoka. Yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa imemkaa kooni.

Jina hilo la Shungi alipewa na wateja kwa ajili ya nywele zake. Zilikuwa nyeusi, nzito, zimemshukia mpaka mabegani, na mteja mgeni akiingia alizitazama kwanza ndipo akatafuta kiti. "Nataka ziwe kama zako," walimwambia, naye alicheka na kuwajibu kwamba zinataka subira na mafuta mazuri. Uongo mtupu. Zilikuwa za wigi, na wigi lenyewe alilishona shangazi yake, mwenye saluni, aliyeunga uzi kwa uzi mpaka mstari wa paji la uso ukaonekana kama umeota. Chini ya wigi hapakuwa na kitu. Nywele zake zilianza kudondoka kwa mafungu mwaka aliomzika mama yake, kwanza nyuma ya sikio, kisha utosini, mpaka asubuhi moja akaamka mto una nywele nyingi kuliko kichwa. Daktari alimwambia mwili wake umezigeuka nywele zake, kwamba hali hiyo haimwambukizi mtu, na kwamba huenda zikarudi, huenda zisirudi. Hazikurudi. Msusi asiye na unywele hata mmoja! Alipokuwa peke yake Shungi alijaribu kulicheka jambo hilo, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Aliyekuwa hajui ni Rangi, na Rangi ndiye aliyemvisha pete.

Rangi alikuwa fundi wa kupaka rangi magari katika gereji ya mtaa wa pili, mwanaume mrefu, mpole, mwepesi wa mzaha, aliyeweza kumsubiri mtu nje ya saluni mpaka mteja wa mwisho aondoke, na asinune. Alimpenda Shungi waziwazi, kwa macho, hata watu wakawa wanawatania. Walikuwa na sheria moja tu baina yao, na aliyeiweka ni Shungi: kichwa hakiguswi. "Utanivuruga nywele," alimwambia kila alipoinua mkono, huku akikwepa na kutabasamu, na Rangi aliurudisha mkono wake mfukoni.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka siku ya harusi kama si kile kitabu. Muuguzi mmoja alikisahau juu ya kiti baada ya kusukwa, na alipopigiwa simu akasema, "Kisome kwanza, dada. Mimi nimeshakimaliza." Kilikuwa kitabu cha kumfundisha mtu kuishi na aibu yake. Shungi alidhani ni mawaidha ya kuwafundisha wasichana adabu, akakifungua katikati kwa dharau. Swali la kwanza alilokutana nalo lilikuwa hili: ni kitu gani ambacho watu wakikijua leo, kesho utatamani kuhama mtaa? Alikifunga, akaenda kuosha vitana ambavyo tayari vilikuwa safi.

Lakini alikirudia. Kila mteja alipokaa chini ya mashine ya kukaushia nywele, Shungi alichungulia kurasa mbili tatu. Kitabu kilisema aibu haiishi bure, inalishwa, na anayeilisha ni mwenyewe kila anapopanga maneno ya kuificha. Kilisema achague mtu mmoja anayemwamini, amwambie kwa kinywa chake mwenyewe. Kilisema na mengine mengi, na mwishoni kulikuwa na sura nzima juu ya namna ya kumsikiliza mwenzako naye akifunguka. Hiyo Shungi aliiruka. Kusikiliza ndiyo kazi yake, alijiambia, hana haja ya kufundishwa.

"Hicho kitabu kinakuliza," shangazi alimwambia siku moja, wakiwa wanachambua nywele za kuunganishia.

"Kinaniambia ukweli, shangazi."

"Ukweli upi ambao mimi sikukwambia?"

"Kwamba nimwambie Rangi."

Shangazi aliweka fungu la nywele mapajani. "Sikiliza nikwambie. Hicho kitabu hakiolewi. Anayeolewa ni wewe. Olewa kwanza, uzae, halafu mtu akiuliza nywele zimekwenda wapi, sema zimeondoka na uzazi. Unadhani utakuwa wa kwanza?"

"Nilale na wigi mpaka nizae?"

"Wanawake wamelala na makubwa kuliko wigi."

Shungi alicheka, kwa sababu shangazi yake alikuwa na ulimi wa kuchekesha hata msibani. Lakini kesho yake alifunga safari mpaka gereji akiwa ameyapanga maneno yake vizuri. Rangi alipomwona alitupa kitambaa alichoshika, akavuta kiti kilichojaa vumbi, na kwa kukosa cha kukifutia akakifuta kwa shati lake mwenyewe. "Kaa, mpenzi. Leo umeniletea bahati gani?" Alimtazama kwa furaha isiyo na mashaka yoyote. Shungi alisema amepita tu kumsalimia.

Kisha akaja mama mkwe.

Mama yake Rangi hakuwa amempenda Shungi tangu mwanzo. Alitaka mwanawe aoe mwalimu. Wasusi, alikuwa akisema, wanakaa na maneno ya watu kutwa nzima, na mdomo nao ni kama kikapu, ukijazwa utamwagika. Lakini siku za harusi zilivyokaribia alianza kulegea, akaanza kumwita mwanangu, na Alhamisi moja akaja saluni peke yake, akasema anataka kuoshwa na kusukwa na mkwe wake kwa mikono yake. Shungi alimpokea mlangoni. Alimkalisha, akamfunga taulo, akakilaza kile kichwa chenye mvi kwenye beseni kwa uangalifu mkubwa.

Alikuwa amepaka shampuu mara ya pili mama alipoanza kusema.

"Una mikono laini. Mimi sijaoshwa kichwa na mtu tangu nikiwa msichana." Alilegeza shingo. "Unajua, mwanangu, siku naolewa nilikuwa najua baba yake Rangi ana mtu mwingine. Nilijua jina lake na nyumba yake. Nikatabasamu kwenye picha zote. Sijawahi kumwambia mtu jambo hili."

"Pole, mama."

"Imeshapita. Lakini aibu yake haijapita."

Neno hilo lilimwingia Shungi kama alivyoingiwa na swali la kile kitabu. Alitazama uso ule uliofumba macho, uso wa mtu mzima aliyechoka kubeba, akaona kwamba huyu ndiye. Kama mama amemwamini kiasi hiki, naye amwamini. Wala hatalazimika kumtazama machoni. Maji yalikuwa yanatiririka, saluni ilikuwa tupu, na kwa hesabu zake zote yanayosemwa kwenye beseni huishia kwenye beseni.

"Mama," alisema, "na mimi nina langu."

Akamwambia. Alimwambia kwa ufupi na kwa mpangilio, mto, daktari, wigi la shangazi, huku vidole vyake vikiendelea kusugua. Alipomaliza alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mama yake mzazi afariki, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Mama alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anautazama ule mstari wa paji la uso kutoka chini, upande ambao hakuna mtu aliyewahi kuutazama.

"Maji yananiingia sikioni," alisema.

"Samahani, mama."

"Na watoto mtakaowazaa?"

"Daktari alisema haiambukizi."

"Sikuuliza kuambukiza. Nimeuliza watoto. Watarithi au hawatarithi?"

"Hilo hakusema."

"Hakusema, au wewe hukumuuliza?"

Shungi alimsuuza povu la mwisho. Mama alishukuru kwa sauti ya upole kabisa, akasema kusukwa kutasubiri siku nyingine, akafunga kitambaa juu ya nywele mbichi, akaondoka. Mlango ulipofungwa, ndipo Shungi alipoliona kosa lake, nalo lilikuwa kosa ambalo ni msusi tu angeweza kulifanya. Heshima ya beseni inamlinda aliyelala. Aliyesimama na shampuu mikononi, hakuna aliyewahi kumwekea sheria.

Rangi hakupiga simu siku ile, wala kesho yake, wala Jumapili, siku ambayo kwa kawaida walishinda pamoja. Shungi naye hakuthubutu kupiga. Alisuka watu kwa mazoea tu, akala kwa kulazimishwa na shangazi, na kila pikipiki iliposimama nje alinyanyua shingo.

Alikuja Jumatatu, jua likiwa limeanza kupoa na saluni haina mtu. Shangazi alipomwona alichukua pochi yake, akasema ana shida dukani, akawaachia nafasi. Rangi aliketi kwenye kiti cha wateja, akatazama kioo. Shungi alisimama nyuma yake kama alivyozoea kusimama nyuma ya kila anayeketi pale. Wakawa wanazungumza kwa kutazamana kiooni.

"Mama ameniambia."

"Najua."

"Hujui. Ameniambia mezani, mbele ya kaka na shemeji. Nimeshika kijiko mkononi."

"Nilitaka kukwambia mimi."

"Ulitaka."

"Nilikuja gereji, Rangi. Ukanifutia kiti kwa shati lako. Nikashindwa."

"Kwa hiyo kosa langu ni kufuta kiti."

Shungi alikaribia kucheka, akajizuia. "Mama yako aliniambia jambo lake akiwa amelala kwenye beseni. Jambo zito. Nikaona nami nimpe langu. Nilidhani halitatoka hapa."

"Hiyo ni sheria yenu nyinyi wasusi. Mama yangu si msusi."

"Ndiyo. Nimeshaelewa."

"Jambo gani zito alilokwambia?"

"Siwezi kukwambia."

Rangi alitikisa kichwa taratibu. "Unaona? Ya mama unaweza kuyatunza. Ya kwako umeshindwa kuniletea mimi."

Alikuwa anasema kweli, na kweli hiyo ilimuuma Shungi kuliko matusi ambayo angemtukana. Alimwomba msamaha. Rangi alinyanyua mikono yake yote miwili, akaigeuza mbele ya kioo, viganja na mgongo.

"Zile nywele hazijanikasirisha. Unajua mimi nilikuwa nadhani nini muda wote huu? Kila nikiinua mkono unakwepa. Nilidhani ni rangi. Nilidhani nanuka gereji. Nilikuwa naisugua mikono kwa thina, ile ya kutolea rangi, mpaka ngozi inapasuka, nikaanza kununua losheni ya akina mama, wenzangu kazini wakawa wananiita bibi harusi. Nikasema potelea mbali, labda akishanioa atazoea."

"Mimi ndiye nikuoe?"

"Unaelewa ninachosema."

"Naelewa." Alishika mgongo wa kiti. "Mikono yako haijawahi kunichukiza hata siku moja. Naipenda. Nilikuwa naogopa itakachokikuta."

"Ungesema tu, Shungi. Ningelala usingizi."

Shungi hakutegemea kwamba aibu yake ingeweza kumtafuna mtu mwingine. Miezi yote ile alidhani anaumia peke yake. Alinyanyua mikono, akaingiza vidole chini ya mstari wa paji la uso, akatoa pini moja moja na kuziweka mezani. Kisha akalivua wigi. Hewa ya feni ilimpiga utosini. Hakuwa amewahi kusimama hivyo mbele ya mwanaume yeyote.

Rangi alisimama, akageuka, akaacha kumtazama kiooni. Alimtazama yeye mwenyewe.

"Una kovu hapa," alisema.

"Nilianguka kwenye ngazi nikiwa mdogo."

"Sikulijua."

Aliweka kiganja chake juu ya kovu lile, kiganja chenye ngozi ngumu, chenye joto, na hakukiondoa. Shungi alifumba macho. Alilia kimya kimya, na katika kulia kule kulikuwa na raha ambayo hakuwahi kuipata katika maisha yake ya mapenzi. Alikuwa ameonwa na hakuna kilichoanguka. Kama Rangi angeondoka wakati ule bila neno lingine, au kama angemwambia tu twende nikusindikize nyumbani, hadithi hii ingekuwa nyingine.

"Mama hataki tena harusi," Rangi alisema. "Mimi nataka. Nimekuja kukwambia nataka. Lakini kuna kitu kimoja lazima nikiseme, maana nikikuficha nitakuwa nimeanza pale pale ulipoanzia wewe."

"Sema."

"Kinanichoma tangu siku ile. Ndiyo maana sikupiga simu."

"Sema, mpenzi. Nakusikiliza."

Rangi aliondoa mkono. Alitazama sakafu. "Mama alipomaliza kueleza, kaka akasema, basi mwenzetu anaoa yai. Wakacheka. Na mimi nikacheka."

Feni iliendelea kuzunguka.

"Ulicheka," Shungi alisema.

"Nilicheka. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Na sikuishia hapo, nikaongeza langu. Nikasema angalau tutabana matumizi ya shampuu. Kaka akagonga meza kwa kicheko. Shemeji akainuka akaenda kucheka jikoni."

"Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu wewe umeniambia lako."

"Mama yako asingeniambia hilo."

"Najua. Hakuna ambaye angekwambia."

Rangi alikuwa amesimama mbele yake, mabega yamelegea, macho yamejaa maji, mtu mzima anayengoja kuhukumiwa. Shungi aliliona hilo waziwazi. Alijua kwamba mwanaume huyu amefanya kitu kigumu kuliko kumgusa kipara, kwamba amekuja na ubaya wake mkononi na kuuweka mbele yake bila kulazimishwa. Alijua kwamba hapa ndipo anapotakiwa kusema neno moja tu, lolote, hata pole. Akalitafuta neno hilo. Kilichomjia ni ile meza, kijiko, na uso anaoupenda ukiwa umefunguka kwa kicheko, na yeye akiwa yai katikati ya sahani.

Alinyoosha mkono akalichukua wigi. Alilivaa taratibu mbele ya kioo, akaunyoosha ule mstari wa paji la uso, akarudisha pini moja moja mahali pake.

"Shungi," Rangi alisema.

"Tunafunga," alijibu, kwa sauti ile ile ya adabu anayowaambia wateja waliochelewa.

"Nimekosa. Nimesema mwenyewe kwamba nimekosa."

"Nimesikia. Tunafunga."

Rangi alisimama kidogo zaidi, kama mtu anayedhani kuna kitu amesahau. Kisha akatoka. Hakubamiza mlango, alishika kitasa mpaka ulipotulia, na Shungi akamsikia akimsalimia kinyozi wa jirani kwa heshima yake ya kila siku.

Shangazi alirudi akamkuta ameketi kwenye kiti kile kile, mikono mapajani, taa hazijawashwa. Alimtazama kichwani kwanza, akaona pini hazikukaa sawa, akaelewa, au akadhani ameelewa.

"Amekiona?"

"Amekiona."

"Na amekuacha." Shangazi alivuta kiti akaketi karibu naye, akamshika bega. "Nilikwambia, mwanangu. Wanaume ni wale wale. Ukiwaonyesha kidonda wanakimbia."

"Hakukimbia, shangazi," Shungi alisema. "Alikionyesha cha kwake. Mimi ndiye niliyekimbia."